Vidonge vya majira kwa mwenye baipola anayevurugika kabla ya hedhi: vinatuliza au vinaharibu zaidi?

#1 Binti wa Tabata
Habari za jioni, wanajukwaa. Nina baipola, yaani ugonjwa wa akili unaofanya hisia zipande na kushuka kupita kiasi, na ninatumia lamotrijini, dawa ya kutuliza hisia, kwa maelekezo ya daktari wa magonjwa ya akili. Sehemu kubwa ya mwezi ninafanya kazi zangu, ninalala vizuri na nyumbani kuna amani, lakini siku chache kabla ya kuingia mwezini hali hubadilika kabisa: hasira zisizo na sababu, machozi, usingizi kupotea, na wakati mwingine mawazo ya kutotamani kuishi. Damu ikishaanza kutoka, mambo hayo hupungua ndani ya siku mbili tatu.

Kliniki ya uzazi wa mpango wameniambia kwamba vidonge vya majira vitanituliza kwa sababu vinazuia yai kupevuka. Kliniki ya afya ya akili wameniambia nisiviguse. Kila upande unasema kwa uhakika na hakuna aliyewasiliana na mwenzake. Mimi naona kwamba, kwa mtu mwenye baipola, vidonge hivi vinastahili kujaribiwa kabla ya kuongezewa dawa za sonona. Naomba mawazo ya waliovitumia na ya wataalamu waliomo humu.

#2 Muuguzi wa Zamu
Pole sana, dada. Kwanza kabisa, hayo mawazo ya kutotamani kuishi yasisubiri hedhi ianze ili yapungue. Yakija tena, mwambie mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo na ufike hospitali yenye huduma ya afya ya akili, hata kama unajua kwamba baada ya siku mbili utakuwa sawa.

Pili, je, umekuwa ukiandika kila siku? Hali unayoieleza inafanana na ile ambayo madaktari huiita PMDD, yaani kuvurugika vikali kwa hisia kabla ya hedhi, lakini haithibitishwi kwa kukumbuka tu. Mgonjwa anatakiwa kuandika hali yake kila siku kwa mizunguko isiyopungua miwili, ili ionekane wazi kwamba dalili zinakuja baada ya yai kupevuka na kuisha hedhi ikishaanza.

#3 Mfamasia wa Kariakoo
Naomba nianzie kwenye jina la dawa unayotumia, kwa sababu hapo ndipo penye uzito. Vidonge vya majira vyenye vichocheo viwili, yaani estrojeni na projestini, hulifanya ini liiondoe lamotrijini mwilini kwa kasi zaidi, na kiwango chake katika damu kinaweza kushuka hadi karibu nusu. Jambo hili halisubiri miezi. Huanza kuonekana mapema, katika wiki za mwanzo kabisa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ametulia anaanza vidonge, anaporomoka, kisha analaumu ugonjwa au analaumu vichocheo, ilhali dawa yake imepungua bila yeye kujua.

Isitoshe, pakiti nyingi zinazotolewa katika vituo vyetu zina vidonge 21 vyenye vichocheo na 7 vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu. Katika siku hizo 7 ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida na lamotrijini hupanda tena, wakati mwingine maradufu, na hapo mtu anaweza kupata kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili au kuyumba anapotembea. Daktari anaweza kuongeza dozi ya lamotrijini ili kufidia, ila mgonjwa asijiongezee mwenyewe, maana dawa hii ikipandishwa haraka inaweza kuleta upele wa hatari unaobabua ngozi na midomo. Na ukiacha vidonge vya majira ghafla, dozi ile iliyoongezwa inageuka kuwa kubwa mno.

#4 Dada wa Ukonga
Mfamasia, umenieleza maisha yangu. Nami ninatumia lamotrijini, na zahanati niliyokwenda walinipa vidonge vya majira bila kuniuliza ninameza dawa gani nyingine. Wiki za vidonge vyeupe, vile vyenye vichocheo, nilikuwa chini kihisia, wiki ya vile vya kahawia nilikuwa nikishika ukuta nikitoka kitandani. Nyumbani walidhani nina mimba. Nilipoviacha, kizunguzungu kiliondoka na hisia zikarejea mahali pake, ingawa ule mvurugiko wa kabla ya hedhi umebaki pale pale.

#5 Mume wa Kimara
Ninaomba kuchangia kama mume. Mke wangu ana baipola na anatumia kabamazepini, dawa nyingine ya kutuliza hisia. Tuliwekewa kijiti tukiwa na imani kamili, na bado alipata mimba kikiwa mkononi. Mtoto ni mzima, alhamdulillahi, lakini maneno tuliyoyasikia mtaani yalimuumiza mke wangu kuliko mimba yenyewe, kwa sababu wapo waliosema kijiti hakikuwahi kuwekwa na wapo waliosema zaidi ya hayo. Hadi leo hakuna mtu wa afya aliyetueleza kilichotokea.

#6 Mfamasia wa Kariakoo
Ndugu yangu Mume wa Kimara, mueleze mama kwamba maelezo yapo na hayamhusu yeye kwa lolote. Kabamazepini huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja vichocheo vya uzazi wa mpango, hivyo vidonge na vijiti vyote hupungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki kwa kiasi cha kutia shaka, na kitanzi, kiwe cha shaba au cha kichocheo, hakiathiriki. Hata vidonge vya dharura ambavyo watu huviita P2 hupungua nguvu kwa anayetumia kabamazepini, na ndiyo maana kwa dharura kitanzi cha shaba ndicho bora kwake.

Kwa hiyo tunaposema "vidonge na baipola" tunachanganya mambo mawili. Kwa lamotrijini, kidonge cha majira huipunguza dawa ya akili. Kwa kabamazepini, dawa ya akili hukipunguza kidonge cha majira. Lithiamu, nayo dawa ya baipola, haigombani na vichocheo hivi kwa njia hiyo.

#7 Shangazi wa Magomeni
Nimewasoma wote kwa makini. Wakati wa ujana wangu binti akibadilika hivi kila mwezi alisemwa kuwa ana jini, na wengine walipelekwa kwa waganga hadi wakachoka. Ninafurahi kuona leo mnalizungumza hadharani.

Nina swali. Miaka ya nyuma nilikuwa nikimeza norethisteroni ili kuchelewesha hedhi nifunge Ramadhani yote bila kulipa siku. Mwezi huo ile ghadhabu yangu ya kabla ya hedhi ilikuwa haiji kwa wakati wake, bali inakuja baada ya Idi nikiacha dawa. Je, hilo si ushahidi kwamba vidonge vinatibu?

#8 Msomaji wa Upanga
Shikamoo, Shangazi. Swali lako linagusa kiini cha jambo. Kwa muda mrefu watu walidhani wanawake wenye PMDD wana vichocheo vingi kupita kiasi au pungufu, lakini vipimo vya damu havikuonyesha tofauti hiyo. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio muhimu: waliwazimia wanawake mzunguko kwa dawa, na dalili zikapungua kwa wengi wao, walipowarudishia estrojeni au projesteroni kwa kiwango cha kawaida, dalili zikarudi kwa wale wenye tatizo hilo, na wanawake wasio nalo hawakuhisi lolote. Yaani vichocheo ni vya kawaida, na ubongo ndio unaovipokea kwa namna tofauti.

Projesteroni ikivunjwa mwilini hutoa kitu kinachoitwa alopregnanoloni, ambacho kwa watu wengi hutuliza ubongo kupitia vipokezi vya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva. Kwa wenye PMDD inaelekea kupanda na kushuka kwake huleta hasira na wasiwasi badala ya utulivu. Kwa msingi huo, dawa inayozuia yai kupevuka na kuondoa kupanda na kushuka huko inapaswa kusaidia, na binti aliyeanzisha uzi ana hoja.

#9 Mfamasia wa Kariakoo
Marekebisho kidogo kuhusu alichouliza Shangazi. Norethisteroni ya kuchelewesha hedhi huanzwa siku 3 hivi kabla ya hedhi, wakati yai limeshapevuka zamani. Haikuzuia upevukaji wa mwezi huo. Ilizuia damu isitoke. Kwa hiyo kuchelewa kwa ghadhabu kunaweza kuwa kumesababishwa na vichocheo kutokushuka ghafla, au na utulivu wa mwezi wa ibada wenyewe. Siwezi kuchagua kati ya hayo mawili kwa kisa kimoja.

#10 Shangazi wa Magomeni
Marahaba, mwanangu wa Upanga. Na wewe Mfamasia, ghadhabu yangu umeichambua kuliko marehemu mume wangu alivyowahi kuielewa. Nimekusikia.

#11 Daktari Kijana
Naheshimu maelezo ya #8, ila hayajafika mwisho. Vidonge vya majira havimwachi mwanamke bila vichocheo; vinaondoa vya mwili na kuleta vya kiwandani, na baadhi ya wanawake huvurugwa na projestini yenyewe. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Denmark uliofuatilia zaidi ya wanawake milioni moja wa miaka 15 hadi 34. Waliotumia uzazi wa mpango wa vichocheo walielekea zaidi kuanza dawa za sonona kuliko wasiotumia, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana wa umri wa kubalehe.

Pia si kila kidonge kimethibitika kwa PMDD. Kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa ajili hiyo, kwa wanawake wanaohitaji pia kuzuia mimba, kina projestini iitwayo drospirenoni miligramu 3 na estrojeni mikrogramu 20, na humezwa siku 24 kisha siku 4 zisizo na kichocheo. Vidonge vyetu vya kawaida vya vituoni vina levonogestreli, projestini ya aina nyingine. Ushahidi wa kidonge kimoja hauwezi kuhamishiwa kwa kingine kwa sababu tu vyote huitwa vya majira.

#12 Msomaji wa Upanga
Utafiti wa Denmark unaonyesha mambo mawili kwenda pamoja, hauonyeshi kwamba moja limeleta jingine. Msichana anayeanza vidonge mara nyingi ndiyo kwanza ameanza mahusiano, na mahusiano yana majonzi yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa nani anafaa njia gani, linaruhusu njia zote za vichocheo kwa mwenye sonona bila masharti.

#13 Daktari Kijana
Kwa sonona, ndiyo. Lakini mwongozo huo huo unasema hakuna taarifa za kutosha kuhusu wenye baipola, na huu ni uzi wa baipola.

#14 Mwalimu wa Mbezi
Ninatumia lithiamu na ningependa kuongeza jambo ambalo halijatajwa. Kwangu siku za kabla ya hedhi zilikuwa na maumivu makali ya tumbo, nami nilizoea kununua ibuprofeni au diklofenaki duka la dawa lililo karibu. Kila mwezi nilikuwa natetemeka mikono, naharisha, akili inakuwa nzito, na wote nyumbani tukasema ni hedhi. Daktari alipopima lithiamu akaniuliza ninameza nini kwa maumivu. Dawa hizo mbili huifanya figo izuie lithiamu isitoke, na kiwango kinapanda. Sasa natumia parasetamoli, na katika miezi ya joto la hapa Dar es Salaam nahakikisha nakunywa maji ya kutosha, kwa sababu kutokwa jasho jingi bila kunywa maji nako kunaipandisha.

Sisemi kwamba kila mtu yuko kama mimi. Hata hivyo, kabla hatujagombana juu ya vichocheo, tuangalie na yale tunayomeza bila cheti siku zile zile.

#15 Muuguzi wa Zamu
Mwalimu, mchango wako ungebandikwa kwenye ukuta wa kila duka la dawa.

Nirudi kwa Binti wa Tabata. Kuna jambo la tatu, na kwa wenye baipola nadhani ndilo tunaloliona zaidi. Kuna mwanamke ambaye ana baipola na PMDD kwa pamoja, na kuna ambaye baipola yake haijatulia sawasawa na huchacha zaidi kabla ya hedhi. Wa kwanza ana siku safi kabisa baada ya hedhi. Wa pili, ukimsoma vizuri, ana dalili hafifu mwezi mzima ambazo zinapanda tu ikifika wiki ile. Kwa huyu wa pili kidonge cha majira hakigusi mzizi. Kinachotakiwa ni dawa yake ya kutuliza hisia iwe katika kiwango sahihi. Ndiyo sababu niliuliza kuhusu kuandika kila siku, na ndugu zangu wasomi mkanipita mkikimbilia Denmark.

#16 Binti wa Tabata
Nawashukuru. Nimeanza kuandika tangu juzi. Ninauliza mambo mawili. Kwa nini madaktari hawapendi kunipa fluoksetini, dawa ya sonona, kama wanavyowapa wengine wenye tatizo hili? Na kama drospirenoni ndiyo yenye ushahidi, kwa nini isiwe jibu langu, nikiongezewa lamotrijini?

#17 Daktari Kijana
Kuhusu la kwanza: kwa PMDD isiyo na baipola, fluoksetini na sertralini ndizo dawa zenye ushahidi mkubwa, na wengine humeza katika nusu ya pili ya mzunguko tu. Kwa mwenye baipola dawa hizo zinaweza kumrusha kwenye mania, yaani msisimko uliopita kiasi, au kumfanya apande na kushuka kwa haraka zaidi, hasa zikitolewa bila dawa ya kutuliza hisia. Kwa hiyo wazo lako la kuanza kufikiria vichocheo kabla ya dawa za sonona lina mantiki, na wapo madaktari wanaolikubali.

Kuhusu la pili: drospirenoni ni ndugu wa spironolaktoni, dawa ya kuongeza mkojo, hivyo inaweza kupandisha madini ya potasiamu katika damu. Mwenye figo dhaifu haifai kwake, na anayetumia lithiamu kwa miaka mingi apimwe figo kwanza. Hatari ya damu kuganda nayo ni kubwa kidogo kuliko ya levonogestreli: kwa wanawake 10,000 kwa mwaka, takriban 9 hadi 12 dhidi ya 5 hadi 7, na 2 kwa wasiotumia chochote. Anayevuta sigara akiwa na miaka 35 au zaidi, mwenye shinikizo la damu au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mimweko machoni asipewe kidonge chochote chenye estrojeni. Maswali haya yanaulizika kwa dakika chache, na inasikitisha kusikia kutoka kwa #4 kwamba hayakuulizwa.

#18 Kijana wa Sinza
Samahani kwa kuingilia. Dada yangu ana miaka 22, ana baipola, amepewa valproati ya kutuliza hisia, na hatumii njia yoyote ya uzazi wa mpango kwa sababu hajaolewa. Je, mjadala huu unamhusu?

#19 Muuguzi wa Zamu
Unamhusu kuliko wengi humu. Valproati ikitumika wakati wa mimba, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Ulaya mwaka 2018 iliamua kwamba mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe dawa hiyo bila mpango madhubuti wa kuzuia mimba. Dada yako asiache dawa ghafla, maana ataugua. Arudi kwa daktari wake mapema na aulize kama kuna dawa nyingine inayomfaa. Habari ya kuolewa au kutoolewa isiwe sababu ya kumnyima mazungumzo hayo. Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya serikali hazilipiwi, na UMATI, chama cha uzazi na malezi bora, nao wamekuwa wakitoa elimu hii tangu 1959.

#20 Dada wa Ukonga
Sijaona mtu akizungumzia sindano. Baada ya vidonge kunishinda niliandikiwa sindano ya miezi mitatu, haikugusa lamotrijini yangu kama vile vidonge, na hedhi ilipokatika kabisa ule mvurugiko ukapungua sana. Kwangu hilo ndilo lililofanya kazi.

#21 Mke wa Kimara
Mimi ndiye mke aliyetajwa #5, na ninamshukuru Mfamasia, nimesoma maelezo yake zaidi ya mara moja. Nilipohamishiwa kwenye sindano nilipata majonzi ambayo hayakuwa ya kabla ya hedhi, yalikuwa ya kila siku, na sindano ikishaingia haitolewi; unasubiri iishe. Sasa nina kitanzi cha shaba. Damu inatoka nyingi zaidi, ila hisia zangu nazijua kuwa ni zangu.

#22 Daktari Kijana
Visa hivi viwili ndivyo vinavyonifanya nisite. Kwa anayetumia lamotrijini, Shirika la Afya Duniani halipendekezi vidonge vya vichocheo viwili isipokuwa njia nyingine zikikosekana au zikikataliwa, na linaruhusu vya kichocheo kimoja. Wakati huo huo, ushahidi wa kutuliza PMDD uko upande wa vya vichocheo viwili, na vya kichocheo kimoja havijathibitishwa kwa kazi hiyo. Njia iliyo nyepesi kwa dawa yake siyo ile yenye ushahidi kwa tatizo lake.

#23 Mfamasia wa Kariakoo
Ndiyo maana, kama daktari wake akiamua kumpa vichocheo viwili, ningeshauri ameze mfululizo bila zile siku 7 za kahawia. Lamotrijini itakuwa chini lakini haitapanda na kushuka, dozi itarekebishwa mara moja tu, na yale mapengo ya vichocheo yanayoamsha dalili hayatakuwepo. Damu ile ya kila mwezi kwa anayetumia vidonge haina ulazima wa kiafya.

#24 Muuguzi wa Zamu
Kitaalamu nakubali, lakini nakaa mezani na kinamama kila siku. Ukimwambia mama aruke vile vya kahawia, miezi ya mwanzo atapata matone ya damu yasiyotabirika, atadhani amedhurika, ataacha vyote siku moja, na dozi ile kubwa ya lamotrijini itambaki mwilini. Kwa mgonjwa anayeonana na daktari wake mara chache, hilo linanitisha kuliko zile siku 7.

#25 Mfamasia wa Kariakoo
Basi aambiwe mapema kuhusu matone hayo, aandikiwe kwenye kadi yake kwamba asiache bila kumpigia daktari, na kadi hiyo hiyo aende nayo kliniki zote mbili. Bado naona siku 7 za kupanda na kushuka kila mwezi ni hatari zaidi kwa ubongo wenye baipola.

#26 Muuguzi wa Zamu
Kadi moja kwa kliniki zote mbili naiunga mkono kwa moyo wote. Hilo la kuruka vya kahawia bado sijalikubali. Binti wa Tabata, endelea kuandika hadi hedhi ya pili ipite, usianze kidonge chochote kabla ya hapo, kisha utuletee ulichokiona tukisome pamoja.